Hatua Kumi Nyuma ya Mkwe Wangu Mjini Vienna

Akina mama wa kwaya, hii ndiyo habari yote. Tangu nirudi nimesimamishwa sokoni, kanisani, hata kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na kila mtu anataka nianze mwanzo. Nimefundisha darasa la nne miaka thelathini na mbili, nikastaafu nikidhani nimemaliza kazi ya kurudia jambo moja mara sitini, kumbe bado. Kwa hiyo nimekaa na daftari nikaandika. Someaneni. Habari za pasipoti, viza na picha za kukatazwa kucheka naziacha. Zilinizeesha mara moja, sitaki zinizeeshe mara mbili.

Kiomboi hadi Singida Mjini

Tumaini, mwanangu wa pili, mnamkumbuka, aliimba sauti ya kwanza hapa kwetu kabla hajaondoka. Sasa ni muuguzi Vienna, mji mkuu wa Austria, huu mwaka wa tano. Mwaka jana alifunga ndoa huko na kijana anaitwa Lukas, dereva wa tramu, yaani yale magari yanayopita juu ya reli katikati ya barabara. Walisaini ofisini, wakatutumia picha. Baba Tumaini aliitazama picha, akanirudishia simu, akasema yeye hana mkwe, ana picha ya mkwe. Tangu siku ile hakulitaja jina la kijana huyo hata kwa bahati mbaya.

Tumaini alipopiga simu kuomba waje Kiomboi Krismasi, mumewe ajitambulishe kwa wazee kama inavyotakiwa, baba yake alijibu kwamba mlango wake haufunguliwi kwa simu. Binti alilia. Mimi nikanuna wiki mbili, na nikinuna mimi, nyumba yangu mnaijua. Mwishowe Tumaini akatuma tiketi niende mimi kwanza, mwezi wa kumi, na Baba Tumaini hakukataa. Siku ya kuondoka alinibebea begi mpaka stendi, akalisukuma mwenyewe kwenye buti la gari, kisha akanisogelea dirishani.

"Kaniangalizie huyo mtu," aliniambia. "Ukirudi na maneno ya kubabaisha, nitajua."

Basi nikaondoka na mzigo huo, pamoja na unga wa uwele kilo tatu, mlenda mkavu, karanga na michembe, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa. Mpaka tunafika Singida Mjini nilikuwa nimeshaona kwamba mzigo mzito siyo ule wa kwenye buti. Nikisema ndiyo, binti yangu ana ndoa yenye baraka. Nikisema hapana, au nikisema sijui, hatakanyaga kwetu na mume wake mpaka mmoja wetu azikwe.

Singida hadi Dar, na jogoo wa Manyoni

Basi la kwenda Dodoma liliondoka kwa wakati, jambo lililonitia wasiwasi, na kweli, kabla ya Manyoni tairi likapasuka. La akiba lilikuwepo. Jeki haikuwepo. Kondakta alisema jeki inakuja, na mimi niliyesikia watoto wa darasa la nne wakisema daftari linakuja, nikateremka nikatafuta kivuli.

Jirani yangu wa kiti alikuwa mzee wa Mkalama, mtu wa miaka kama sitini, mwenye koti la suti na jogoo hai kwenye kikapu. Jogoo alikuwa zawadi. Jeki ilipofika hatimaye na tukasogea mpaka Manyoni, yule mzee alinunua kuku mzima wa kuchoma, akaanza kumla peke yake, kuanzia shingo, huku jogoo wa kwenye kikapu akimwangalia. Nikamtania, nikamuuliza kama alikuwa gerezani. Akaniambia anakwenda ukweni, karibu na Dodoma, na mama mkwe wake yuko hai, ana miaka themanini na kitu, na macho yake ni mazima. Mpaka kesho kutwa asingepata nafasi ya kula vizuri.

Nilicheka, lakini nilimwelewa. Hata ninyi mnaelewa, ila naandika kwa ajili ya wajukuu watakaolisoma daftari hili wakiwa Arusha na Dar. Kwetu mkwe na mama mkwe hawali pamoja. Hawapeani mikono, hawatazamani usoni, hawakai kiti kimoja, na wakikutana kwenye kinjia mmoja huchepuka majanini. Inakuwa hivyo mpaka siku ya kufunguliwa, anapochinjwa mbuzi, wazee wakashuhudia, nao wawili wakaambiwa sasa kuleni. Wengine hawafunguliwi kabisa na wanaishi vizuri. Yule mzee alipojua kwamba na mimi nakwenda kwa mkwe, alinionea huruma, akanipa paja lililobaki. Alisema kama yeye aliye upande wa mkwe anateseka hivi, mimi niliye mama mkwe nyumbani kwa mkwe nitakufa njaa.

Nilimwambia kule ni Ulaya. Akasema tumbo halijui.

Angani

Treni ya umeme kutoka Dodoma ilinifikisha Dar nikiwa bado natafuta mkanda wa kujifunga. Ndege mtaisikia kwa mwingine, mimi nilifumba macho. Tulibadilisha ndege katika uwanja mmoja mkubwa ambako tulicheleweshwa saa tano, na bei ya kikombe cha chai pale ningeweza kununulia debe la vitunguu, kwa hiyo nilikula michembe. Dada mmoja wa Kikongo aliyekuwa akienda Brussels alikaa karibu nami, tukagawana. Alinisimulia kuwa mkwe wake Mbelgiji humpikia mayai kila asubuhi na kumpiga busu mashavuni, kushoto, kulia na kushoto tena. Nilimuuliza anafanya nini wakati huo. Akasema anayasogeza mashavu. Nikamwomba Mungu aniepushe.

Vienna, watu wa forodha walifungua begi wakakuta mlenda. Unga wa kijani, kwenye mfuko usio na maandishi. Afisa alinusa, akamwita mwenzake, naye akanusa. Nikawaeleza kwa Kiingereza changu cha darasani kwamba ni mboga, unaipika, na ukiila inateleza yenyewe. Walitazamana, wakafunga begi haraka sana, wakaniruhusu nipite.

Siku ya kwanza: mlangoni na kwenye ngazi

Tumaini alinirukia pale nje, tukalia kama ilivyo desturi. Nikiwa bado nafuta macho nikamwona kijana mrefu anakuja na maua mkononi, amefungua mikono yote miwili kama mtu anayefukuza kuku. Nilijua ni nani. Nilijua pia kwamba Wazungu hukumbatiana. Mimi ni mwalimu, hayo nimeyasoma. Lakini miguu yangu haijasoma. Nilijikuta nyuma ya toroli la mizigo, begi likiwa kati yetu, macho yangu yako chini kwenye viatu vyake.

Akasema, "Shikamoo, mama," na akaitamka vizuri kabisa. Tumaini alikuwa amemfundisha Kiswahili miaka mitatu, na mwenyewe ana bidii. Nikaitikia marahaba nikiviambia viatu. Maua akampa Tumaini anipe, na mimi moyoni nikasema, naam, huyu amefundwa, anajua kupitishia kitu kwa mtu wa kati. Kumbe mikono yake ilikuwa imechoka tu kunyooshwa hewani.

Wanakaa ghorofa ya tano katika jengo la zamani. Lifti yake ni kabati. Inaingiza watu wawili na mfuko mmoja, na hao watu wawili wawe wanapendana. Tumaini alitangulia na mabegi, tukabaki chini mimi na Lukas. Alinifungulia mlango wa lifti, akaingia, akajibana ukutani ili nipate nafasi. Nikamwambia asante, nikapanda ngazi. Kufika ya pili nasikia na yeye anapanda nyuma yangu, eti asiniache. Nikasimama ili apite. Naye akasimama ili nitangulie. Tulisimama pale, mimi nikisoma ukuta, mpaka bibi mmoja akatoka na takataka zake akatukuta.

Chakula cha kwanza kilikuwa nyama pana ya kukaanga iliyofunikwa na chenga za mkate, na Lukas alikuwa amepika mwenyewe. Nilisema nimechoka na safari, nikaenda chumbani na michembe yangu. Harufu ya ile nyama ilinifuata chini ya mlango.

Siku ya pili na ya tatu: mji kwa hatua kumi

Tumaini alikuwa na zamu hospitali na hakupewa ruhusa mpaka siku ya nne. Lukas ndiye aliyechukua likizo ili anitembeze. Mimi na mkwe wangu, tuzunguke mji mgeni, wawili peke yetu, siku mbili. Nilipomwambia Tumaini kwamba haiwezekani, alidhani naogopa baridi, akanipa koti la pili.

Mji ni mzuri, tusidanganyane. Kanisa lao kubwa la katikati lina paa la vigae vya rangi, vimepangwa kama mkeka, na ndani mnara wa kengele una ngazi nyingi kuliko zile za ghorofa ya tano. Kasri la wafalme wao wa zamani lina vyumba vingi hata mtu ukisahau fimbo yako huwezi kuirudia. Farasi wanavuta magari ya watalii na wamevalishwa kofia za masikio. Maji ya bombani yanatoka milimani na ni matamu, na yalinisaidia kujaza tumbo.

Lakini hayo yote niliyaona kwa hatua kumi. Lukas akitangulia, mimi nyuma hatua kumi. Akinisubiri, nasubiri. Akirudi nyuma, narudi nyuma. Kwenye kasri mlinzi alinifuata akaniuliza kwa Kiingereza kama yule kijana ananisumbua, maana aliona anageuka geuka kunitazama. Nikamjibu kwamba siyo, yule ni mtoto wangu kwa ndoa. Mlinzi alimwendea Lukas kumweleza, wakaongea, na nikaona mabega ya Lukas yameshuka. Nilidhani amesifiwa.

Chakula ndiyo ilikuwa kazi. Mtaani kwao kuna vibanda vya soseji, na watu hula wamesimama. Lukas alinunua mbili, zenye jibini ndani, akaniletea moja kwenye kisahani cha karatasi. Nilipokea kwa mikono miwili kutoka juu ya meza alipoiweka, nikageukia ukuta wa benki, nikala nikiwa nimeupa mji mgongo. Nilipogeuka, yake ilikuwa nzima kwenye kisahani, imepoa. Nikaona huruma, nikaenda kusimama nyuma ya kibanda ili naye ale kwa nafasi. Alinitafuta dakika kumi.

Mtaniuliza kwa nini sikumweleza. Nimejiuliza pia. Jibu ni kwamba heshima haielezwi, inafanywa, na mimi nilidhani Tumaini amemweleza. Na niseme ukweli, nilikuwa nimeshaanza kumpenda yule kijana. Akivuka barabara anaangalia pande zote mbili kwa ajili yangu. Aliwaachia wazee kiti kabla hawajaomba. Sasa kadiri nilivyompenda, ndivyo nilivyozidisha hatua. Siku ya tatu zilikuwa zimefika kumi na tano.

Mchana wa siku hiyo tulipanda tramu ya zamani yenye mabehewa mawili. Yeye akapanda la mbele, mimi la nyuma, ndivyo tulivyokuwa tumezoea, au ndivyo mimi nilivyokuwa nimezoea. Alinionyesha vidole vitatu kupitia kioo, yaani kituo cha tatu tunashuka. Kituo cha tatu mama mmoja mwenye mbwa mkubwa alisimama mlangoni, na mimi mbwa wa Ulaya simjui tabia. Milango ikajifunga. Nikamwona Lukas nje anakimbia pembeni ya behewa, anapiga kioo, halafu anabaki nyuma.

Niliamua kukaa mpaka reli iishe. Reli iliishia pembeni ya mji, kwenye mashamba ya zabibu. Dereva, mwanamke mwenye nywele fupi, akashuka kwenye kichwa cha tramu akaja moja kwa moja nilipo, akasema, "Mama Tumaini?" Nikashtuka. Kumbe Lukas alikuwa amepiga simu kwa wenzake, na madereva wa mji mzima walikuwa wakitangaziana redioni mama mwenye kilemba cha njano. Yule dada alinigawia mkate wake wenye jibini, na kwa kuwa hakuwa mkwe wangu nikaula wote.

Lukas alifika na tramu iliyofuata. Hakuwa na rangi usoni, hilo nililiona kwa kuibia. Alikuwa anatoka jasho kwenye baridi ile, na mikono yake ikafunguka tena kunikumbatia, akakumbuka, akaishusha. Alisema alikuwa ameogopa sana. Nikaviangalia viatu vyake, vya kahawia, kamba ya kushoto ni fupi kuliko ya kulia. Nikasema pole na asante. Kisha nikatangulia kupanda behewa la nyuma.

Siku hiyo hiyo, jikoni kwa Tumaini

Tumaini aliporudi kazini walizungumza chumbani kwao kwa Kijerumani, sauti ya chini. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Akanikuta nasonga ugali wa uwele.

"Mama, umemfanyia nini mume wangu?"

Nikamuuliza nimemfanyia nini. Akanihesabia. Nimekataa kumkumbatia. Nimekataa lifti yake, nyama yake, meza yake. Simtazami, kana kwamba ana ugonjwa. Hata leo amenitafuta kwa machozi, nami nimempa mgongo. Lukas amesema haji tena Kiomboi. Kama mama mmoja anamchukia hivi, na huyo ndiye aliyekubali kuja, ukoo mzima na baba mwenye hasira watamfanya nini mbele za watu? Amesema hatamzuia Tumaini kwenda kwao, lakini aende peke yake.

Mwiko ulinitoka mkononi. Akina mama, mimi nimefinywa na shida nyingi, mnazijua, lakini sijawahi kuona aibu kama ile. Nilikuja kumtafutia binti yangu mlango, na nilikuwa nimeukomea mwenyewe kwa mikono yangu, kwa heshima yangu yote. Nikamweleza Tumaini habari ya mkwe. Akanitazama kwa mshangao. Mtoto huyu alikwenda shule ya bweni ana miaka kumi na tatu, na likizo alikuwa anawaona waume wa dada zangu wakila nje kwa bibi yake, chini ya ukuta. Miaka yote alidhani wanapenda hewa.

Nikamwambia basi akamweleze mumewe. Akakataa. Alisema akieleza yeye, Lukas atadhani anatungiwa hadithi ya kumbembeleza.

"Mwambie wewe, mama."

Nikamjibu kwamba mama mkwe hasemi na mkwe mambo kama hayo ana kwa ana. Akafunika sufuria, akaenda kulala bila kula.

Siku ya nne: kwenye gurudumu

Asubuhi hiyo Tumaini alikuwa na mapumziko, akatupeleka sote kwenye bustani ya michezo ambako kuna gurudumu kubwa la chuma. Linazunguka polepole sana, na badala ya viti linabeba vibanda vyekundu vyenye madirisha, kila kimoja ukubwa wa chumba cha mtihani. Mbele yetu alikuwa bibi mmoja wa Vienna, kofia ya sufu, mkoba mkononi. Akaingia. Lukas akaingia. Nikaingia, nikijua Tumaini yuko nyuma yangu. Mlango ukafungwa, na nikamwona Tumaini yuko nje, mikono mfukoni, anatuangalia tukipaa.

Hakuna majani ya kuchepukia angani. Nilikwenda dirisha la kulia, Lukas alikwenda la kushoto, bibi akakaa kwenye benchi katikati. Miti ikateremka, paa zikaja, mji wote ukatandazwa pale chini hadi kwenye mto. Nikajua nikishuka bila kusema, basi sisemi tena.

Nikafanya walivyofanya mama zangu wakiwa na jambo la kumwambia mkwe. Nikatafuta mtu wa kati. Nikamgeukia yule bibi, nikamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya kufika ukuta wa nyuma wa darasa, "Shikamoo, bibi. Naomba umwambie huyo kijana neno langu."

Bibi akatabasamu, akaitikia kwa kichwa. Nikaendelea.

"Mwambie kwetu mkwe ni mtu mzito. Mtu ninayemdharau, nakaa naye mezani nikachota hata kwenye sahani yake. Lakini mkwe wangu simtazami, simpi mkono, sili mbele yake, mpaka wazee watufungue. Mwambie nimeshinda na njaa siku tatu kwa ajili ya heshima yake. Na mwambie nyama yake ilinukia vizuri, nilitaka kulia."

Bibi akaitikia tena. Gurudumu lilikuwa limefika juu kabisa, likasimama ili watu wengine wapande kule chini. Halafu upande wa kushoto nikasikia koo linasafishwa, na Kiswahili cha polepole, kila neno likiwekwa peke yake.

"Bibi, mwambie mama nimesikia. Mimi nilifikiri ananichukia. Mwambie kwamba mama yangu mzazi alikufa nikiwa mtoto. Nilikuwa namsubiri huyu."

Nilishika fremu ya dirisha. Sikugeuka, akina mama, lakini sijui nilijizuiaje. Machozi yalinitoka juu ya mji mkuu wa watu. Bibi, ambaye hakuelewa hata silabi moja, aliniangalia mimi, akamwangalia Lukas, akafungua mkoba akatupa kila mmoja pipi. Nikaiweka mfukoni. Nikasikia karatasi ya upande wa pili nayo inaingia mfukoni bila kufunguliwa, na nikajua huyu kijana ameelewa kila kitu.

Tulipokuwa tunashuka alimuuliza bibi swali moja tu, kwamba wazee hao watafungua lini. Nikamwambia bibi kwamba hilo siyo langu. Ni la baba yake Tumaini, na yeye hajasema ndiyo, na mimi siwezi kuahidi kitu kilicho mdomoni mwa mwingine. Lukas akamwambia bibi kwamba atasubiri. Bibi aliposhuka alitupungia mkono akaenda zake, na mpaka leo nadhani anawasimulia jirani zake kwamba amekutana na vichaa wawili.

Siku mbili zilizobaki

Mtu akijifunza ukubwani huzidisha. Kuanzia saa ile Lukas alichukua hatua ishirini. Alikuwa akikohoa kabla ya kuingia sebuleni. Lifti alinipisha mimi, yeye akapanda ghorofa zote tano kwa ngazi na kufika anahema. Kwenye tramu alisimama mwisho kabisa, na wenzake walipomuuliza aligombana na nani, Tumaini anasema aliwajibu kwa majivuno kwamba yule ni mama mkwe wake. Chakula alipika, akakiweka mezani, akabeba sahani yake kwenda kula jikoni akiwa amefunga mlango. Ile nyama pana nikaila hatimaye, vipande viwili. Nami nikampikia mlenda. Tumaini alimpelekea, na kupitia mlangoni nikasikia kijiko kinafuata kitu kwa muda mrefu.

Uwanja wa ndege, watu wote wanakumbatiana. Yeye alisimama nyuma ya nguzo, mbali, kofia mkononi, amegeuza uso pembeni. Nilimwambia Tumaini amwambie kwamba nimekwenda salama. Nilipopita ukaguzi nilitamani sana kugeuka, na sikugeuka.

Kiomboi

Baba Tumaini alinipokea stendi. Akauliza habari ya ndege, ya baridi, ya bei ya nyama, na kama kweli huko hakuna vumbi. Siku mbili hakuuliza jina lile. Mimi nikakaa kimya, maana namjua, ukimwanza anafunga. Lakini usingizi sikuupata. Kila mara Tumaini alikuwa ananitumia ujumbe wa neno moja, "Bado?", nami namjibu bado.

Siku ya tatu, mchana, nilikuwa napepeta uwele uani. Akaja na kigoda chake, akakaa pembeni, akaanza kurekebisha mpini wa jembe. Alianza kwa mbali, bila kunitazama.

"Huyo kijana," alisema, "anakulaje?"

Nilijua anakotaka kufika. Baba Tumaini anaamini ukimwona mtu akila umemmaliza, kama ni mchoyo, kama ana papara, kama anasubiri wengine. Nikatafuta jibu zuri la kumpa, nikakumbuka onyo lake la kubabaisha, nikaona nimekwisha. Nikamwambia ukweli.

"Sijui. Sijamwona akila."

Jembe likasimama. "Siku sita?"

"Siku sita."

"Si mlikuwa nyumba moja?"

"Nyumba moja. Yeye jikoni, mimi sebuleni."

Kuku wakaja kwenye ungo, sikuwafukuza. Kisha akalaza jembe chini, akapangusa viganja kwenye suruali, akanyoosha mkono nimpe simu. Akaitazama, akanirudishia, maana kupiga ile ya picha hajui.

"Mpigie Tumaini," alisema. "Mwambie mkwe wangu aje ale."